Maisha ya Alexander Graham Bell, na Mashine Iliyoitafuta Risasi

Kila mwanafunzi aliyepata kufungua kitabu cha sayansi anajua kwamba Alexander Graham Bell ndiye aliyetengeneza simu. Ni wachache wanaojua kwamba yu miongoni mwa watu wa kwanza kabisa waliotengeneza mashine ya kutafuta metali iliyofichika, na kwamba aliitengeneza mbiombio ili kuokoa maisha ya Rais aliyekuwa akifa kitandani. Nimeona vema kuandika habari zake katika gazeti letu la muhula huu, kwa kuwa mashine hiyo si ngeni kwetu. Sisi tukaao Temeke na Mbagala, na wenzetu wa Kinondoni, Kunduchi na Tegeta, tumezoea kuona mizani ya vyuma chakavu kando ya njia. Tumezoea vile vile kusikia habari za mali inayosemekana ilifukiwa na Wajerumani kabla ya Waingereza kuuchukua mji huu mwaka 1916. Na mahali penye habari za namna hiyo hapakosi mtu mwenye mashine kuukuu ya kuuza, wala hapakosi mtu wa kuinunua kwa akiba yake yote. Basi yafaa tujue mashine hii ilianzaje, na kwa nini ilishindwa siku ile ilipohitajiwa zaidi.

Bell alizaliwa tarehe 3 Machi, 1847, katika mji wa Edinburgh, Scotland. Baba yake, Alexander Melville Bell, alikuwa mwalimu wa matamshi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu jinsi ulimi, midomo na koo vinavyofanya sauti. Mama yake, Bibi Eliza, alikuwa karibu kiziwi kabisa. Watu wengine walisema naye kwa kupaza sauti katika bomba aliloliweka sikioni, lakini mtoto yule alikuwa akimkaribia na kusema polepole kwa sauti nzito karibu na kipaji cha uso wake, naye mama akamfahamu. Mtoto aliyekua katika nyumba kama hiyo, ambamo baba afundisha sauti na mama hasikii, si ajabu kwamba maisha yake yote aliyatoa kwa sauti.

Alikuwa mtoto mwenye mikono isiyotulia. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alikuwa akicheza kwenye kinu cha ngano cha baba wa rafiki yake. Alipoambiwa afanye jambo la maana badala ya kuchezacheza, alitengeneza chombo cha kutoa maganda ya ngano, na chombo hicho kikatumika kinuni pale. Baadaye yeye na kaka yake walitengeneza kichwa cha bandia chenye koo na midomo, kikaweza kutoa sauti kama ya mtoto anayemlilia mama yake. Alimfundisha hata mbwa wao kunguruma bila kukoma, huku yeye mwenyewe akimshika taya na koo ili ngurumo zile zifanane na maneno. Wageni walicheka, lakini kijana alikuwa akijifunza.

Kisha ikaja misiba. Mdogo wake, Edward, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1867, na kaka yake, Melville, akafa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1870. Wazazi waliona kwamba wakibaki Uingereza watampoteza na huyu wa tatu, basi mwaka ule ule wa 1870 wakahama, wakaenda kukaa Brantford, nchini Kanada. Huko akapata nguvu. Mwaka 1871 alikwenda Boston, Marekani, kuwafundisha watoto viziwi kusema, na miaka miwili baadaye akawa profesa katika chuo kikuu cha mji huo. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo msichana aliyeitwa Mabel Hubbard, aliyekuwa amepoteza masikio yake kwa homa kali akiwa na miaka mitano. Walioana tarehe 11 Julai, 1877. Siku ya harusi Bell alimpa bibi yake karibu hisa zake zote za kampuni ya simu, akabakiwa na kumi tu.

Habari za simu nitazipitia kwa haraka, maana zimekwisha andikwa mara nyingi. Hati ya uvumbuzi wake aliipata tarehe 7 Machi, 1876, na siku tatu baadaye msaidizi wake, Bwana Thomas Watson, akiwa chumba kingine, alisikia katika waya sauti ya Bell ikimwita aje. Mtu mwingine, Elisha Gray, alikuwa amepeleka ofisini habari za simu yake siku ile ile Bell alipopeleka zake, tarehe 14 Februari, na ubishi wa nani alimtangulia mwenzake haujaisha hata leo. Kampuni ya Bell ilishtakiwa na kushtaki mara mamia, ikashinda. Yeye mwenyewe alichoshwa na mabaraza ya sheria. Mwaka 1880 Serikali ya Ufaransa ilimpa tuzo la faranga 50,000, naye fedha hizo akazitumia kuanzisha maabara mjini Washington ili aendelee na uchunguzi wake. Hapo ndipo alipokuwa akifanya kazi mwaka uliofuata, akiwa na miaka 34.

Tarehe 2 Julai, 1881, asubuhi, Rais James Garfield wa Marekani aliingia katika stesheni ya reli ya Washington ili asafiri. Mtu mmoja aliyeitwa Charles Guiteau, aliyekuwa akitaka kazi serikalini asipewe, alimwendea kwa nyuma akampiga bastola mara mbili. Risasi moja ilimparuza mkono. Ya pili iliingia mgongoni upande wa kuume ikabaki ndani. Rais hakufa. Alichukuliwa nyumbani kwake, akalazwa, na madaktari wakaanza kuitafuta risasi ile kwa vidole vyao.

Hapa msomaji akumbuke kwamba wakati ule Daktari Joseph Lister alikuwa amekwisha kuwafundisha watu, kwa zaidi ya miaka kumi, kuosha mikono na vyombo kwa dawa ya kuulia vijidudu. Madaktari wengi wa Marekani hawakumwamini. Mkubwa wa madaktari wa Rais alikuwa Daktari Bliss, mtu ambaye wazazi wake, kwa kichekesho cha majina, walimpa jina la Daktari tangu kuzaliwa, hata akawa Daktari Daktari Bliss. Huyo alikuwa amekata shauri kwamba risasi imo upande wa kuume, karibu na ini, na hakupenda kubishiwa. Vidole vichafu na vyuma vichafu viliingizwa katika jeraha mara nyingi, na usaha ukaanza.

Picha za eksirei hazikuwapo. Profesa Röntgen wa Ujerumani alizigundua Novemba 1895, miaka kumi na minne baadaye. Basi Bell, aliposoma magazetini habari za madaktari wanaotafuta gizani, alifikiri kwamba umeme ungeweza kuona mahali ambapo jicho na kidole haviwezi. Sumaku isingefaa kitu. Lugha yetu hapa inatusaidia, kwa maana sisi huita risasi metali yenyewe na huita risasi kitu kitokacho katika bunduki. Risasi ya Guiteau ilikuwa ya risasi, na sumaku haivuti risasi, kama vile isivyovuta shaba wala dhahabu. Mtu akiburura sumaku ya spika mbovu katika mchanga wa Mbagala atapata misumari na vifuniko vya soda, lakini atapita juu ya pete ya dhahabu bila kujua.

Chombo alichokitumia Bell kiliitwa mizani ya umeme, na jina hilo laeleza kazi yake. Mwaka 1879 mtaalamu mmoja wa Uingereza, David Hughes, alikuwa ameonyesha mizani kama hiyo. Chukua koili mbili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Koili moja yapelekewa umeme unaokatwa na kurudishwa upesi upesi. Ya pili imeungwa na chombo cha simu ambacho mtu amekiweka sikioni. Umeme wa koili ya kwanza huamsha umeme katika koili ya pili, na sikio husikia mlio. Lakini koili hizo zikilazwa moja juu ya nyingine, zikasogezwa kidogo kidogo, huja mahali ambapo nguvu ya upande huu huua nguvu ya upande ule, na mlio hunyamaza kabisa. Sasa ni kama mizani ya dukani iliyosawazishwa: weka punje moja ya mahindi upande mmoja, mkono wa mizani utainama. Ikaribishe metali yo yote, nayo metali huamka umeme wake ndani yake, usawa ule huvunjika, na mlio hurudi sikioni. Ona, basi, kwamba simu ndiyo iliyokuwa sikio la mashine hii. Bila uvumbuzi wa kwanza wa Bell, huu wa pili usingesema neno.

Bell na msaidizi wake, Bwana Charles Tainter, walifanya kazi usiku na mchana katika joto kali la Julai. Walificha risasi katika nyama ya ng'ombe wakaitafuta. Walikwenda kwa askari wa zamani waliopigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ambao bado walikuwa na risasi miilini, wakazisikia. Walikuwa na haki ya kutumaini.

Tarehe 26 Julai waliingia chumbani kwa Rais. Bell alisimama akiwa na simu sikioni. Badala ya ukimya alisikia mngurumo usiokoma, na hakuweza kutambua lo lote. Baadaye iligunduliwa kwamba kifaa kimoja cha kuongeza nguvu kilikuwa kimeungwa vibaya upande mmoja. Walikirekebisha, wakarudi tarehe 1 Agosti. Mara hii mashine ilifanya kazi, lakini sauti dhaifu ilisikika katika eneo kubwa mno, kana kwamba risasi ni pana kama sahani. Bell aliuliza kama metali yote imeondolewa karibu na kitanda. Siku iliyofuata ndipo ilipojulikana kwamba chini ya godoro la manyoya ya farasi palikuwa na godoro jingine la nyuzi za chuma.

Vitabu vingi humaliza hapo, vikisema kwamba chuma cha kitandani ndicho kilichomshinda Bell. Mimi naona wanaosema hivyo wanamwachilia Daktari Bliss kwa bei rahisi. Bell mwenyewe aliomba godoro kama lile, akalijaribu, wala hakuridhika kwamba godoro peke yake ndilo lililoharibu kazi. Jambo kubwa zaidi ni hili: Daktari Bliss aliruhusu mashine ipitishwe upande wa kuume tu, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha sema risasi imo upande wa kuume. Ile sauti dhaifu aliitangaza kuwa ni uthibitisho wa maneno yake. Upande wa kushoto haukutafutwa.

Rais Garfield alikonda, akapelekwa pwani ya New Jersey apate hewa ya bahari, akafa huko tarehe 19 Septemba, 1881. Maiti yake ilipopasuliwa, risasi ilionekana upande wa kushoto, imetulia nyuma ya tumbo, imefungwa na nyama iliyokuwa imeanza kupona. Njia ambayo madaktari walidhani ni njia ya risasi, kumbe ilikuwa imechimbwa na vidole vyao na usaha. Wataalamu wengi wa leo huona kwamba angeachwa na risasi yake, kwa mikono safi, huenda angepona. Guiteau alinyongwa tarehe 30 Juni, 1882. Bliss hakuhukumiwa na baraza lo lote.

Bell alikuwa na msiba wake mwenyewe katika siku zile. Mkewe alikuwa mjamzito, mbali naye, wakati yeye alipokuwa Washington. Tarehe 15 Agosti, 1881, alizaliwa mtoto wa kiume kabla ya miezi yake kutimia, wakampa jina la Edward. Mtoto hakuweza kuvuta pumzi vizuri, akafa siku ile ile. Baada ya kumzika, Bell alitengeneza chombo cha chuma cha kumvika mtu kifuani, ambacho hewa yake hupunguzwa na kuongezwa ili mapafu yapanuke na kunywea. Vyombo vya kusaidia pumzi vilivyowaokoa wagonjwa wengi wa polio katika karne iliyofuata vilifanya kazi kwa njia kama hiyo. Mtoto mwingine wa kiume, Robert, alizaliwa mwaka 1883, naye hakuishi. Mabinti wawili, Elsie na Marian, ndio waliokua.

Mashine ya kutafuta risasi haikutupwa. Madaktari waliendelea kutumia vyombo vya namna hiyo vyenye simu mpaka eksirei ilipoenea. Kisha ikatoka hospitali ikaenda shambani. Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa akitengeneza redio za kuongoza ndege. Aliona kwamba mahali penye madini ardhini redio hizo hupotosha njia, akatumia jambo hilo kutengeneza mashine ya kuuzia watu tangu mwaka 1931. Katika Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, ofisa wa Kipolandi aliyekimbilia Scotland, alitengeneza mashine ya kubebwa na askari mmoja kwa ajili ya kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Mamia yake yalitumiwa El Alamein, Misri, Oktoba 1942, naye hakudai malipo ya uvumbuzi. Hapa kwetu, Morogoro, panya buku hufundishwa kunusa baruti ya mabomu hayo, na faida yao ni ile ile iliyomkosesha Bell usingizi: panya hajali nyuzi za kitanda wala makopo, mashine hupiga kelele kwa kila kipande cha chuma.

Jambo hilo ndilo ningependa anunuaye mashine kuukuu alijue kabla hajatoa fedha. Mashine za miaka ya nyuma, hasa zile zisizoweza kubagua chuma na metali nyingine, husema tu kwamba kuna metali. Hazisemi ni metali gani. Asikubali kujaribiwa mashine ndani ya duka au juu ya sakafu ya saruji yenye nondo. Aitoe nje mahali peupe, avue saa na mkanda wenye bakuli la chuma, aweke simu mbali, kisha alaze chini msumari, sarafu na pete, akasikilize kila kimoja. Afungue mahali pa betri atazame kama pameliwa na kutu. Aukunje kidogo waya unaokwenda kwenye koili, maana waya uliokatika ndani hutoa sauti na kunyamaza wenyewe. Kwenye mchanga ulioloweshwa na maji ya bahari mashine nyingi za zamani hupiga kelele bure, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme. Anayejaribu ufukweni Kunduchi asidhani amepata hazina. Na sarafu moja haisikiki zaidi ya shubiri moja au mbili chini. Anayeahidiwa kwamba mashine itaona sanduku la rupia lililo chini kabisa ya mnazi, anauziwa maneno.

Sikatai kwamba dhahabu ya Wajerumani ilikuwako. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, na sarafu hizo bado zinatafutwa sana na wakusanyaji. Lakini kati ya sarafu iliyomo katika kabati la mkusanyaji na sanduku linalosemekana limefukiwa nyuma ya nyumba ya mtu Mbagala, pana safari ndefu. Tena kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba vitu vya kale bila kibali, na madini nayo yana leseni yake. Magofu na makaburi ya Kunduchi hayakujengwa ili yachokonolewe na watu wenye mashine.

Nirudi kwa Bell. Hakuwa mtu asiye na lawama. Aliamini kwamba viziwi wote wafundishwe kusema kwa midomo, akapinga matumizi ya ishara mashuleni na hata hakupenda viziwi waoane. Wengi wao hawajamsamehe mpaka leo, na kwa kweli viziwi wa nchi yetu, wenye Lugha ya Alama yao, wanaonyesha kwamba alikosea. Hata hivyo ndiye aliyempokea Helen Keller akiwa mtoto wa miaka sita, kipofu na kiziwi, akamwelekeza baba yake mahali pa kupata mwalimu; na Helen alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 1903, alikitoa kwa heshima ya Bell.

Uzeeni alikaa zaidi Baddeck, katika Nova Scotia, Kanada, akirusha tiara kubwa na kusaidia vijana kujenga ndege. Moja ya ndege hizo iliruka juu ya barafu ya ziwa tarehe 23 Februari, 1909. Mwaka 1919, akiwa na miaka 72, mashua aliyoibuni na wenzake ilikimbia zaidi ya maili 70 kwa saa juu ya maji. Alikufa hapo Baddeck tarehe 2 Agosti, 1922, kwa ugonjwa wa kisukari, mkewe akiwa amemshika mkono. Siku mbili baadaye, alipokuwa akizikwa mlimani juu ya nyumba yake, simu zote za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja. Bibi Mabel alimfuata Januari 1923, akazikwa karibu naye.